Kiwanja katika Mahame

Wasemaji wa mambo ya ujenzi huanza hadithi yao katika msingi. Husema habari za mawe, mchanga, saruji na kamba ya fundi, kana kwamba mahali pa kuchimbia msingi palikuwa peupe tangu ulimwengu ulipoumbwa. Walakini mtu aliyepata kipande cha ardhi kilichomea miti anajua ya kuwa iko kazi nyingine itanguliayo hiyo, kazi isiyo na ramani wala sifa, na ambayo ikiisha haionekani tena. Nyumba ikisimama watu husifu paa na madirisha. Hapana asifuye uwazi uliotangulia. Nimekusudia kuandika habari ya uwazi huo kwa sababu niliufanya, au kwa usemi ulio sawa zaidi, niliwasimamia walioufanya, na katika kuufanya yalitokea mambo ambayo sikuyatazamia.

Lugha yetu haina umaskini katika jambo hili. Majani na vichaka hufyekwa kwa panga. Mti hukatwa kwa shoka. Kisiki hung'olewa kwa sururu na nguvu za mgongo. Kisha mahali palipofyekwa hukwatuliwa kwa jembe mpaka ngozi ya ardhi ionekane. Na mahali penyewe hapana jina moja. Msitu ni miti mikubwa iliyoshikamana hata jua halishuki chini ila kwa vipande. Pori ni nchi isiyokaliwa na watu, iwe na miti mingi au michache. Kichaka ni kidogo, na chaka ni kikubwa chake. Liko pia neno mahame, ambalo wanafunzi wangu wengi nilipowauliza zamani walidhani ni kosa la chapa. Mahame ni mahali palipokaliwa na watu, wakahama. Kwa macho ya mpita njia mahame ya miaka arobaini na pori la tangu kale havina tofauti, na nadhani ndiyo sababu neno hili linasahauliwa. Watu wa mjini hununua pori. Hakuna auziwaye mahame.

Ardhi ninayoisema ni ekari tatu katika wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, nyuma ya vilima vya Pugu. Marehemu baba yangu alipewa na kijiji mwaka 1976, naye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya hapo. Alilima mihogo misimu michache, akapanda mikorosho mitano, akapewa uhamisho mwaka 1981, wala hakurudi. Sisi watoto wake, mimi na ndugu yangu mdogo, tuliirithi kama watu warithivyo jina la babu: twajua ni letu, lakini hatukulitumia. Nilipostaafu kazi ya kufundisha, na kodi ya nyumba ya Dar es Salaam ikawa inapanda huku pensheni imekaa pale pale, nilizikumbuka ekari zile. Mimi na mke wangu hatukuwa na mahali pengine. Namwomba msomaji alishike neno hilo, maana yote yatakayofuata yalipimwa katika mizani yake.

Katika Pwani mwaka una milango miwili ya mvua: masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Baina yake kuna kipupwe, wakati wa upepo wa kusi na ubaridi wa asubuhi. Huo ndio wakati wa kufyeka. Majani yaliyolewa maji ya masika yameacha kukua, ardhi ya chini bado ina unyevu kidogo hata sururu haigongi kama inagonga jiwe, na mtu aweza kufanya kazi hadi adhuhuri bila ya kuanguka. Anayengoja kiangazi cha Januari hufyeka huku jua likimfyeka yeye. Nilianza, basi, mwezi wa Juni.

Kazi ya kwanza haikuwa kukata bali kutafuta. Baba alikuwa amepanda minyaa katika pembe nne. Mnyaa ni mti wa mpaka katika sehemu nyingi za nchi yetu, na kwa haki: mifugo haiupendi, ukame hauuui, na utomvu wake mweupe ukimwingia mtu jichoni humfundisha adabu ya mipaka kwa muda mrefu. Pembe tatu tulizipata siku ya kwanza, mimi na majirani wa pande mbili na mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Ya nne tuliipata siku ya tatu, imemezwa na mtambaa. Sipendi kuwafundisha watu, nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na zaidi, lakini hili nitalisema: anayeanza kufyeka kabla majirani hawajasimama katika pembe zake anafyeka kesi.

Nilipata vijana wawili wa kufyeka na mzee mmoja wa shoka. Vijana walilipwa kwa kipande, yaani sehemu iliyopimwa kwa hatua. Mzee alikataa kupimiwa. Alisema mti haupimwi kwa hatua, na kwamba angetaja malipo ya kila mti baada ya kuuzunguka. Nami nilikubali, kwa maana tangu siku ile ya kwanza alivyolishika shoka lake niliona ya kuwa nimepata mwalimu. Alikuwa akiuendea mti asiuguse kwanza. Huutazama kileleni, apate kujua uzito wa matawi umelalia wapi, hutazama upepo, kisha hugeuka akatazama nyuma yake, akafyeka njia ya kukimbilia, si moja kwa moja nyuma ya mti bali upande, kwa sababu shina likianguka huweza kuruka kinyumenyume likamfuata aliyelikata. Ndipo hukata pengo upande ule anaotaka mti ulalie, kiasi cha robo au theluthi ya unene wake, akaenda upande wa pili akakata juu kidogo ya pengo lile. Katikati huacha kipande kisichokatwa, ambacho huwa kama bawaba ya mlango. Mti hauanguki, hufungwa. Hili nililiona mara nyingi wala sikulichoka.

Visiki aliviacha vifikie kiunoni. Mimi nilidhani ni uvivu, akanieleza ya kuwa kisiki kirefu ni mpini wa kung'olea, na kisiki kilichokatwa sawasawa na ardhi hakina mahali pa kushika. Na lazima kitoke. Kisiki kilichoachwa chini ya nyumba huoza, kikaacha shimo ambalo sakafu hulilalia mpaka siku inapopasuka. Tena mizizi iliyooza ni barabara ya mchwa. Mchwa haingii nyumbani kwa mlango. Hupita chini kwa chini, akafuata kuni zilizokufa, na anapofika ukutani huendelea kwa mfereji wake wa udongo hata akafika darini. Kwa hiyo tulivichimba vyote vilivyokuwa mahali pa nyumba, tukakata mizizi ya pembeni kwanza, kisha ule mkuu. Kichuguu kimoja kikubwa tulikibomoa. Udongo wake haukutupwa, maana hakuna udongo mzuri kuliko huo kwa kufinyangia matofali na kwa kusiriba sakafu ya jiko la nje.

Juu ya upupu sitasema mengi. Makoko yake hukomaa kipupwe, na manyoya yake hupeperuka pindi panga linapougusa mtambaa. Kijana mmoja aliacha kazi saa mbili asubuhi akakimbilia jivuni, akajipaka kama mtu aliyefiwa na akili, na wenzake walicheka mpaka upepo ulipogeuka. Tangu siku ile upupu ulifyekwa alfajiri, umande ukiwa bado umeyalaza manyoya.

Palikuwa na ushauri wa namna mbili ambao niliukataa mapema. Wa kwanza ulikuwa kuchoma moto. Moto ni kibarua asiyelipwa, ndiyo sababu watu humpenda. Lakini upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kuelekea shamba la jirani, na mikorosho yake ilikuwa inatoa maua. Mtu hawezi kuanza ujirani kwa kuunguza korosho za mwaka mzima. Majani tuliyalundika kando yaoze, nayo yatarudi bustanini. Ushauri wa pili ulitoka kwa mfanyi biashara mmoja wa mkaa, aliyekuja siku ya nne akasema ya kuwa angefyeka ekari zote tatu bila malipo, tena angenipa mimi fedha kidogo, mradi mbao na kuni zote ziwe zake. Kwa mtu mwenye pensheni neno kama hilo ni tamu. Lakini tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa katika kila kilo 100 za kuni. Yaliyobaki huenda juu kwa moshi. Niliona ni ghali kuuza kivuli cha miaka arobaini kwa bei ile. Tena mlikuwamo mipingo miwili, michanga bado, nene kama mguu wa mtu. Mpingo hukua kwa miaka sabini hata mia moja kabla ya kufaa kwa mbao, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inayo miti iliyohifadhiwa ambayo haikatwi pasipo kibali. Mipingo ile ingali inasimama.

Ndugu yangu, ambaye yuko mjini na ana haraka ya watu wa mjini, alikuwa na shauri la tatu. Alitaka tukodi tingatinga. Alisema kwa simu: "Kaka, siku moja tu. Wewe unakatia ekari tatu kwa shoka kama watu wa enzi za Mjerumani." Hesabu yake ya fedha haikuwa mbaya. Nilimjibu kwa habari ya karanga, kwa kuwa mimi ni mwalimu na siwezi kujizuia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na shabaha ilikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Zililetwa mashine za kila namna, mengine ya matrekta yakiwa yamefanyizwa kwa vifaru vilivyobaki vitani. Mizizi ya nyika ilizivunja mashine. Udongo wa Kongwa ulipokaushwa na jua uligeuka kama tofali. Mvua haikuja kwa ratiba iliyoandikwa London. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na kiasi cha paundi milioni 36 zilikuwa zimekwisha potea. Ndugu yangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba yeye hakutaka karanga, alitaka nyumba. Jibu hilo lilikuwa zuri, nami nilicheka. Lakini tingatinga halikukodiwa, na katika wiki ya tatu ilidhihirika ni nini ambacho lingekipitia juu.

Kiwanja kina sehemu ya juu iliyo tambarare, kama bapa la upanga, ndipo nilipokusudia nyumba ikae. Bonde la chini hujaa maji ya masika. Juu pale palikuwa na chaka zito kuliko pote, na mzee wa shoka alipolikaribia alisimama akaniuliza: "Mwalimu, hapa palikaa nani?" Nikamwambia hapakuwa na mtu, baba alikuta pori. Akaninyoshea mkono miti mitatu iliyokuwa imezibwa na mitambaa: miembe miwili na mkwaju, katika mstari ulio sawa na rula. Mwembe haukuumbwa katika nchi hii. Uliletwa kutoka upande wa India, na mahali popote Pwani unapouona mwembe mkubwa katikati ya pori, mkono wa mtu uliutangulia. Baadaye kidogo kijana mmoja alipiga panga kwenye figa. Mengine mawili yalikuwa hapo karibu, meusi bado kwa masizi.

Makaburi yalikuwa chini ya mwembe wa pili. Yalikuwa mawili, moja refu na moja fupi mno, yamezungushiwa mawe, yamelala mashariki na magharibi kama yalalavyo makaburi ya Waislamu katika nchi yetu, ambako kibla ni upande wa kaskazini. Vijana waliweka mapanga chini. Mzee alisema kazi ya siku ile imekwisha, nami sikupinga.

Yatupasa hapa kukumbuka tarehe. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza ya kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 Watanzania wote wa mashambani wawe wamekwisha hamia vijijini. Mamilioni ya watu walihama katika miaka ile. Wengine walihamishwa mbali, wengine hatua elfu mbili tu, lakini aliyehama hatua elfu mbili naye aliacha mafiga yake. Basi baba yangu hakupewa pori. Alipewa uani kwa watu waliohamia kijijini, naye aliyapanda mihogo mashamba yao, na sijui kama aliambiwa. Alipofika 1976 nyumba ya udongo ilikuwa imekwisha anguka, na mvua mbili hutosha kuficha mengi.

Nilikwenda kwa mjumbe, mjumbe akanipeleka kwa bibi mmoja anayekaa karibu na kisima cha kijiji. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," ingawa mvi zangu hazikupungua zake kwa mengi. Nilipomtajia miembe miwili na mkwaju alinyamaza, kisha akauliza kama ule mwembe wa upande wa jua kuchwa bado unazaa. Asubuhi yake alikuja na mjukuu wake. Alitembea katika kile nilichokiita kiwanja changu kama mtu atembeavyo chumbani gizani, asijikwae. Hapa palikuwa jiko. Hapa palikuwa kinu. Pale palikuwa banda la kuku, na nyuma yake njia ya kwenda mtoni. Kaburi refu ni la mama yake. Kaburi fupi ni la mtoto wake wa kwanza, aliyekufa mwaka ule wa kabla ya kuhama, naye hakuwa ametimiza miezi sita. Kwa miaka mingi alikuwa akija kufanya usafi. Kisha upupu ukafunga njia, magoti nayo yakafunga, akaacha.

Sikumwuliza anataka nini, lakini alisema mwenyewe. Hakutaka ardhi. Alisema, "Mwanangu, mimi naomba njia tu."

Nilimpigia ndugu yangu jioni ile. Ningependa kumtendea haki katika kueleza aliyoyasema, kwa kuwa hakusema kama mtu mbaya. Alisema kama mtu aliyewahi kuona kesi za ardhi. Alisema sheria iko upande wetu. Ni kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa watu waliokaa au waliotakiwa kukaa vijijini baina ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, na ugawaji wa baba yetu ulikuwa ndani ya miaka hiyo. Wenye ardhi wa zamani walikwisha kwenda mahakamani katika sehemu nyingine za nchi; sheria ya mwaka 1992 ilijaribu kuwafungia mlango, Mahakama ya Rufani ikaona mwaka 1994 kwamba mlango haufungwi hivyo, na sheria ya 1999 ikaja kutuliza mambo. Kwa hiyo, alisema ndugu yangu, leo atapewa njia, kesho wajukuu watakuja na mashahidi kwamba njia huwa ya mwenye nyumba. "Makaburi ndiyo hati za watu wasio na hati," alisema. Neno hilo ni zito, nami sikupata jibu lake usiku ule wala sijalipata sawasawa hata sasa. Alishauri tuombe makaburi yahamishwe. Lakini sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 ilitungwa kwa ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, na chumba changu cha kulala si manufaa ya umma.

Mke wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa amesikiliza tu, aliuliza swali moja: tunaweza kulala?

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Wamijikenda wa Kenya, walikuwa na mazoea ambayo nimeyafikiri sana tangu wakati huo. Walifyeka uwazi ndani ya msitu, wakajenga makao yao humo, na msitu wakauacha uwazunguke kama ukuta. Makao hayo ndiyo kaya. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimeachwa kama mahali pa kuishi, lakini misitu yake haikukatwa, kwa sababu wazee walizikwa humo na miiko iliwekwa; mwaka 2008 UNESCO ilizitia kaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Wataalamu wa mimea huzisifu leo kwa miti yake adimu. Mimi huona jambo jingine: kaya nayo ni mahame, lakini ni mahame yenye watu wanaokumbuka, na kukumbuka huko ndiko kulikozuia shoka. Katika Kisarawe mambo yalikuwa kinyume. Hapa pori lilikua kwa sababu watu walizuiwa kukumbuka kwa miguu yao.

Basi nyumba ilipaswa kuhama. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa maana katika ekari tatu nilikuwa na mahali pamoja tu pengine palipo sawa na pasipofikwa na maji: bapa dogo chini ya lile la kwanza, na katikati yake ulisimama msandarusi.

Ulikuwa mti mkongwe kupita yote. Watu watatu walioshikana mikono hawakuuzunguka. Wale waliokaa hapo zamani waliuacha, na baba aliuacha, nami nilikuwa nimekwisha mwambia mke wangu kwamba tutaweka viti chini yake. Nilijaribu kuuponya. Fundi alisema nyumba igeuzwe. Nikamwambia haigeuki, maana katika nchi zetu nyumba hutazamishwa pande zake ndefu kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi tu, na anayejenga kinyume hujenga joko la mikate. Alisema basi ipunguzwe. Tuliipunguza chumba kimoja, na bado ukuta ulikuwa hatua nne tu kutoka shinani. Mzee wa shoka aliitwa. Aligeuza shoka akaugonga mti kwa kisogo chake, kimo cha goti, kimo cha kifua, akizunguka polepole, na upande wa kusi sauti ilikuwa kama ya ngoma. Moyo ulikuwa umeliwa, na uzito wote wa matawi ulielekea mahali ambapo sisi tungelala. Alisema hajui utaanguka lini, lakini anajua utaangukia wapi.

Nilichukua kibali kwa afisa wa misitu. Ulichukua siku nzima kuanguka. Sauti yake sitaieleza; walioisikia kijijini walidhani ni gari la mchanga. Bibi yule alikuja jioni, hakusema neno, akaokota kijiti chenye utomvu akakifunga katika pindo la khanga.

Utomvu ule una historia kubwa kuliko wilaya yetu. Sandarusi ya Pwani ilikuwa mali katika karne ya 19. Iliyo bora haikutoka katika miti iliyo hai bali ilichimbwa ardhini, mahali ambapo misandarusi ilikuwa imekufa zamani za kale na utomvu wake ukageuka mfano wa jiwe; ngozi yake ilikuwa na vipele vidogo vidogo, na wachuuzi waliitambua kwa hivyo. Burton alipopita Uzaramo mwaka 1857 aliandika habari za wachimbaji wake. Ilipelekwa Unguja, na kutoka huko ilisafiri mpaka Salem, Massachusetts, ambako wafanyi biashara wake walikuwa wakitia nanga Unguja hata kabla ya Marekani kupatana na Sayyid Said kwa mkataba wa mwaka 1833. Huko ilifanywa vanishi ya magari ya farasi na ya samani. Yamkini kuna kiti katika jumba fulani la Wamarekani ambacho mng'aro wake ulichimbwa na jamaa za bibi yule. Na wao walikalia vigoda.

Karatasi tuliiandika katika ofisi ya kijiji mwezi wa Agosti, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wanne. Inasema mambo matatu: makaburi mawili na hatua kumi kuyazunguka hayatalimwa wala kujengwa, njia yenye upana wa hatua mbili itafyekwa kila mwaka, na kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, na haki ya kupita si haki ya kumiliki. Fungu hilo la tatu nililitia kwa ajili ya ndugu yangu. Mjukuu wa bibi alilisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi, na nilimheshimu kwa kulisoma. Bibi alitia dole gumba, akauliza kama embe zitakazoanguka njiani ni za nani. Mwenyekiti alisema hilo haliandikwi.

Fundi amekwisha kupiga mambo na kufunga kamba. Udongo mweusi wa juu tumeukwangua kiasi cha sentimita 15 na kuulundika mahali pa bustani, maana haufai kubeba ukuta na unafaa sana kubeba mchicha. Mbao za msandarusi zimepangwa chini ya kivuli cha mkwaju, na vijiti katikati yake zipate hewa. Katika kuchimba mfereji wa msingi vijana wametoa mabonge matatu ya sandarusi, moja kubwa kama yai la bata, na mmoja wao alilitia kipande motoni, likanuka kama ubani.

Ndugu yangu hajatia sahihi katika karatasi ile mpaka leo. Amesema atakuja kabla ya vuli kuona mwenyewe.